Fundi Jicho na Ukuta wa Kanisa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka mwashi tuliyemzika Jumamosi iliyopita. Wengi mlimjua kwa jina la Fundi Jicho.

Jina hilo alijipa mwenyewe. Waashi wenzake hutundika timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma, wapate kujua kama ukuta umesimama wima. Yeye alifumba jicho moja, akatazama kwa la pili, akasema, "Imetosha." Akipita mbele ya nyumba ya fundi mwingine, alitikisa kichwa: "Hii imejengwa na mpishi." Tulicheka sana. Na kweli, mkono wake ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu lilipopanuliwa, ukuta wa kulia aliujenga yeye, akisaidiwa na binti yake, ambaye naye ni mwashi. Siku moja binti akatundika timazi, akatazama, akasema, "Baba, ukuta umelala."

Vibarua wakageuka kutazama. Fundi akampokonya binti mwiko mbele ya wote. "Siku utakayonizaa ndipo utanifundisha kazi. Toka!"

Binti akatoka. Hakukanyaga nyumbani miaka sita. Narudia, wasikilizaji, miaka sita.

Ukuta ukapata ufa. Fundi akalaumu saruji, akalaumu mvua. Kila mwaka aliuziba ufa ule, akapaka rangi, kisha Jumapili akasimama palepale kutufundisha toba. Nami nilikuwepo, naitikia "Amina" kwa sauti kubwa.

Mjane wake ameniambia: "Jumapili moja akifundisha, kipande cha plasta kiliniangukia begani. Nikabeba kiti changu, nikahamia upande wa pili. Tulikuwa na miaka arobaini ya ndoa, alinielewa."

Fundi akafunga Biblia. Akasema mbele yetu sote, "Ukuta huu umepinda. Niliambiwa. Aliyeniambia nilimfukuza." Akaketi, akalia. Kanisa zima hatukujua pa kutazama.

Jumatatu asubuhi alikwenda kule binti yake alikokuwa akijenga ghala. Binti anasimulia: "Alivua kofia, akasema, 'Mama, nisamehe. Na kama kuna kazi ya kubeba matofali, nipe.' Mimi moyo ulikuwa bado umevimba. Nikamwambia, 'Ndoo ile pale. Lete maji.' Akaleta."

Alileta maji wiki tatu. Narudia: Fundi Jicho, mzee wa kanisa, alitumwa maji na vibarua, akaenda.

Kisha baba na binti wakaja kanisani. Wakaubomoa ukuta tofali kwa tofali, wakaanza upya. Kila mstari wa matofali ulipokamilika, mzee alitundika timazi, akauliza, "Mama, hapa vipi?" Hakupandisha tofali jingine mpaka binti aseme sawa. Ukuta ulipofika usawa wa dirisha, mzee akashika kifua, akaanguka. Hospitali hakufika.

Jambo la mwisho binti aliniambia akilia, akaniruhusu niwaambie nanyi. "Lile neno lake, nisamehe, sikulijibu. Nilipanga kumjibu siku ya kumaliza ukuta. Nilitaka asubiri kidogo, aonje uchungu wangu. Baba alikitua kiburi chake pale mlangoni pa ghala. Mimi nikakiokota."

Wasikilizaji wapendwa, inauma. Mama mjane, pole sana. Binti yetu, pole, na Mungu aliyemshusha baba yako akamnyenyekeza, akufariji na wewe. Mafundi wote, poleni. Jana binti alirudi kazini peke yake. Ukuta umepita dirisha.

Kipindi chetu kimebakiwa na dakika kumi, na nimeandaa wimbo mzuri. Lakini wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu aliyekuomba msamaha na bado anasubiri jibu lako, usiungoje wimbo. Zima redio, umwendee sasa hivi. Sitakasirika.