Bibi Yangu Alikuya Kunitafuta Kamina

Bandugu na badada, Bwana asifiwe. Mwitike nguvu, tafazali, juu nikinyamaza hapa sitaweza kuanza tena.

Ninyi bote munanijua. Minyi njo ule mwalimu mulimuaga hapa mbele. Muliniwekea mikono ku kichwa, bamama bakapika, korale, baimbaji ba kanisa, ikanipa valizi ya safari. Mulicheza mupaka kiatu cha muzee mumoja kikapasuka. Nilikuwa naenda Bulaya kumufuata bibi yangu, ule nilioa, kule anachunga bazee.

Lakini nani alisema naenda? Minyi mwenyewe. Bibi aliniambia tu kama dosye yetu, makaratasi ya kuomba viza, ilipokelewa ku ambasade, tungoje, banaweza kuniita kwa maulizo. Sikungoja. Nilikuwa nasikia utamu ya kuitwa mutu wa Bulaya. Nikagawa matela ya kulalia na biti bya nyumba, nikamuachia mwingine kazi yangu ya kufundisha ku masomo.

Viza haikutoka. Mwezi ikapita, na ingine. Nikienda soko, bantu: "Ee mwalimu, weye bado uko?" Habakukuwa na ubaya, bengine balikuwa banacheka tu. Lakini, bandugu, nawaambia, ile maulizo ilinichoma. Nikaanza kupita njia ya nyuma. Siku ya kanisa nasema niko mugonjwa. Kisha nikafunga nyumba, nikaenda mbali, Mulongo, kwa ndugu mumoja mwenye kukausha samaki. Kule hapana mutu alijua kama nilishaagwa.

Bibi sikumuambia. Zambi yangu iko pale. Akipiga telefone, nasema: "Niko ku nyumba, Kamina. Rezo iko mubaya." Na rezo ilikuwa mubaya kweli, kule unapanda mahali pa juu njo usikie mutu. Ambasade balinipigia, habakunipata. Bakamuuliza yeye: bwana yako anaikala wapi? Akaapa: Kamina. Bibi yangu hajui uongo, bandugu. Minyi nilimuingiza mu uongo juu ya haya yangu.

Basi akaanza kuwa na mashaka, akakamata konje yake ya kazi, zile siku alichunga kwa kupumuzika, akakuya bila kuniambia. Alifika hapa Kamina akakuta kufuli ku mulango. Jirani akamuambia mwalimu alihama zamani, banasikia kama iko Mulongo.

Akakuya hapa kanisani. Na ninyi mukamuuliza: "Mama, si bwana yako alikufuata?" Ile haya minyi nilikimbia, njo yeye aliibeba, hapa hapa, mbele yenu. Nikiwaza ile, usingizi inakatika ata leo.

Mama mumoja wa hapa akamupa chumba. Baba mumoja wa korale akapanda pikipiki mupaka Mulongo, ile njia yote na mashimo yake. Alinikuta na kisu mu mukono, nasafisha samaki. Hakunitukana. Alisema tu: "Bibi yako iko Kamina. Osha mikono, tuende."

Nilifika nanuka samaki. Nikamukuta mu lupango, inje ya nyumba ya ule mama, anatwanga majani ya sombe na bamama. Aliniangalia, lakini hakuacha kutwanga.

"Uikale, ukule kwanza."

Nikaikala. Kisha akaniuliza, bamama banasikia: "Iko mwanamuke mwingine?"

"Hapana."

"Basi ulikimbia nini?"

"Haya. Bantu baliniuliza kila siku."

Akaweka muti wa kutwangia chini. "Minyi kule naosha bazee ya bantu. Bengine bananitemea mate. Sikimbii. Weye unakimbia maulizo?"

Nililia. Musizani kama alinisamehe, hapana, ile siku hakunisamehe. Nililia juu niliona mikono yake, ilipasuka na sabuni. Ile kazi yote alikuwa anafanya juu yetu babili, na minyi nilimuacha peke yake.

Tulibakia na siku kidogo tu za konje. Tuliandikia ambasade ukweli yote, fasi nilihamia na sababu. Bado habajajibu. Pengine batakataa. Bakikataa, kosa ni yangu, siwezi kumutupia mutu.

Aksanti mama ulimupa bibi yangu chumba na hukumuuliza neno. Aksanti baba wa pikipiki, najua mugongo ingali inakuuma. Aksanti ninyi bote, juu nilirudi na hamukunifungia mulango. Mwenye iko na dosye ku ambasade, na naona muko bengi, ukihama, uambie kwanza mwenye anakungoja, kisha ambasade. Na ninyi bakorale, musiage tena mutu kabla hajapata viza! Cheka, cheka tu, iko kweli.

Ile siku ya kumusindikiza ku kiwanja ya ndege, nilimubebea saki yake ya safari mupaka ku mulango. Alikamata saki yake, akaanza kwenda, akageuka.

"Siku nikikuya tena," anasema, "nikukute."