Swichi Uliyoizungusha kwa Mkono Wako

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, sisi mafundi wa karakana ya redio tumefurahi kukuona tena. Viti tumeazima kwa jirani, lakini furaha ni yetu wenyewe.

TULIKOTOKA

Mwaka jana ulituletea mashine ya kupimia kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya redio. Uliiwasha, ukazungusha swichi ya masafa, yaani kasi ya kugeuka kwa umeme wa kupimia, hadi mwisho, tukapiga makofi. Ulipoondoka, msimamizi aliifunga swichi hiyo kwa utepe. "Alipoweka mgeni pasiguswe," alisema. Tuliona ndiyo heshima.

TULICHOJIFUNZA

Tangu hapo ndoo ya kapasita mbovu ya Shangazi, ndivyo tunavyomwita mpimaji wetu, ikawa inafurika.

"Shangazi, leo umetubakizia hata moja?" tulimtania.

"Mimi nasoma tu, situngi," alijibu.

Juzi mashine iliunguza fyuzi. Shangazi akatoa kipimo cha zamani kabatini, akazijaribu zile za ndooni. Karibu zote nzima! Fundi mkuu akasoma maelezo ya kiwandani: namba iliyoandikwa ubavuni mwa kapasita hupimwa kwa umeme unaogeuka mara mia na ishirini kwa sekunde. Kipimo cha zamani hutumia kasi hiyohiyo; swichi ya mashine yetu iko kwenye elfu kumi. Kapasita za aina hii ni kama sifongo. Ukiichovya na kuitoa upesi, maji hayafiki ndani. Ndiyo maana iliyoandikwa elfu moja ilisoma mia saba. Mashine haikudanganya, Mheshimiwa. Ilijibu swali ambalo hatukukusudia kuliuliza.

CHANGAMOTO

Ofisi yako imeagiza Shangazi ahamie stoo mwisho wa mwezi, kwa kuwa anatupa vitu vingi. Hakulalamika. "Stoo nako kuna kivuli," alisema, akafunga koleo zake kwenye kitambaa. Baadaye tulimwona akizifungua na kuzipanga tena mezani, kila moja mahali pake.

OMBI

Tunalo moja tu. Fyuzi tumeshabadilisha, ila utepe bado upo; msimamizi anaona haya kuubandua bila wewe. Mkasi tumeuweka kwenye trei, kando ya maua. Tunaomba, kwa mkono uleule, uukate na uirudishe swichi nyuma hadi mia na ishirini. Kapasita ya kwanza kupimwa upya anayo Shangazi kiganjani. Amekataa kiti tangu asubuhi.

Mungu akuzidishie afya, akurudishe nyumbani salama.

Ni sisi, wafanyakazi wa karakana, pamoja na Shangazi wa meza ya kupimia.