Bartholomayo Nalinga, Aliyeutetea Ufizi

Marehemu Mzee Bartholomayo Nalinga alizaliwa Lulindi, wilaya ya Masasi, tarehe 9 Machi 1936. Alisoma hapo hapo Lulindi, akafuzu utabibu wa meno mwaka 1962, akapangiwa kazi Newala.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa na Dominika kanisani Lulindi. Wakwe wanacheka mpaka leo: bwana harusi aliwakagua mashemeji meno kabla pilau halijapakuliwa.

Kazini alikuwa mkaidi, tena ukaidi mzuri. Watu wetu ufizi ukitoka damu waliacha mswaki, na wengine walidondoshea mafuta ya ganda la korosho, wakaungua vibaya. Mama mmoja wa Mnyambe alikuja mwaka 1989, siku ambazo maduka ya dawa yalikuwa yakifunguliwa kila kona na kila mwenye koleo aling'oa.

"Shikamoo, baba. Ng'oa yote, nimechoka."

"Marahaba. Sing'oi. Ufizi ni nyama hai, mama. Una walinzi wake, na huo uvimbe ni wao wanapigana na vijidudu vya kwenye ugaga, huu uchafu uliogandia meno. Wewe kwa mafuta ya korosho unawachoma walinzi, adui unamwacha."

Alimkwangua ugaga, akamrudisha kwenye mswaki. Baada ya wiki sita ufizi ukakaza, na meno yote yakabaki.

Mwaka 1991 marehemu alipatwa na kisukari. Fizi zake mwenyewe zikavimba, meno yakalegea. Aliona aibu sana. Aliogopa kwamba wakimwona hivyo, mafundisho yake yote yatapuuzwa, akawa anahudumia wagonjwa huku amejiziba mdomo kwa leso. Mwezi mzima. Kisha asubuhi moja akaiweka leso mezani, akafungua mdomo mbele ya foleni.

Bwana Muharami wa Nanganga akamuuliza, "Daktari, kama wewe yamekulegea, sisi tushike lipi?"

"Sukari imewadhoofisha walinzi wangu. Mswaki sijauacha. Wewe nawe fizi zako hazitulii, na unakunywa maji kila saa. Kapime leo."

Mzee Bartholomayo alifariki nyumbani, Lulindi, tarehe 4 Juni 1995. Ameacha mjane, Dominika, yaani Mama Rose. Watoto watatu, Rose, Stefano na Ladislaus. Dada yake, Ethel. Na wajukuu saba.

Bwana Muharami alikutwa na sukari siku ile ile, ugonjwa ukiwa bado mchanga, akatibiwa. Leo tangu alfajiri ameshika jembe, amechimba kaburi hili, na amekataa kupokewa jembe.

Mungu ampe Mzee wetu pumziko lenye amani.