Rubani Symphorien Mwenya na Simu Iliyomwonyesha Njia

Ndugu, majirani na wenzake wa uwanja wa ndege, huyu tunayemsindikiza leo ni Symphorien Mwenya. Alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli, Mzee Jean-Claude Mwenya, na Mama Laurentine Mutale. Garimoshi lilikuwa linapiga honi alipozaliwa, na mama yake alishikilia hadi kufa kwake kwamba mtoto aliacha kulia ili asikilize. Mwaka 1971 baba alihamishiwa Lubumbashi, na familia ikapata nyumba mtaani Kamalondo. Humo ndimo alimozaliwa mdogo wake Donat, anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadre, akamaliza sekondari mwaka 1983 kwa alama ambazo mwenyewe hakupenda zitajwe. Leo hatutamkosea heshima.

Mwaka 1984 aliingia kazini Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kama mpakiaji wa mizigo. Alipenda kukawia karibu na mafundi baada ya kazi, hadi wakamzoea na kumpa spana. Kampuni yake ya kwanza ilimpeleka Zambia kusomea urubani, naye akarudi na leseni mwaka 1992. Toka hapo aliendesha ndege ndogo za injini moja kwenda Mitwaba, Manono, Kongolo na Moba. Alibeba dawa, samaki wakavu, walimu, mapadre, na mara moja mbuzi aliyekula kona ya ramani ya karatasi.

Mwaka 2015 chombo cha kuonyesha njia kilikufa ndani ya ndege yake, na mwenye kampuni akawa mtu wa kesho, kesho. Symphorien aliweka ramani ya marubani ndani ya simu yake, akaibana mbele ya usukani. Vijana wa Luano walimcheka: "Commandant, uko naruka ao uko najipiga foto?" Naye akajibu, "Carte ya karatasi haijue fasi niko. Hii inajua." Dira hakuiacha, maana simu ilikuwa na udhaifu mmoja: ikipigwa na jua kwenye kioo ilipata joto ikajizima. Kwa hiyo aliifunika mgongoni na kipande cha kikwembe cha mkewe, kilicholoweshwa maji. Abiria walioona rubani anakamua kitambaa kabla ya kuruka walianza rozari mapema.

Mkewe alikuwa Kasoki, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Agosti 1994, wakajenga upande wa Karavia, na Mungu akawapa mtoto mmoja, Jemima, mwaka 1997. Ile ramani ya simu ilikuwa na uwezo mwingine: kila ilipokuta mtandao ilimtumia mtu mmoja alama ya mahali ndege ilipo. Mtu huyo akawa Kasoki. Aliiegemeza simu yake kwenye chupa ya mafuta jikoni, na alama ikipita Likasi, karibu na nyumbani, aliweka sufuria motoni. Symphorien aliwaambia wenzake kwamba yeye hatui Luano, anatua mezani.

Mwezi Juni 2018 Kasoki aliugua ghafla, akafariki tarehe 9. Siku hiyo mumewe alikuwa Kongolo, injini imegoma, anangoja kipuri. Familia ilimsubiri kadiri ilivyoweza, kisha ikazika. Jemima alitupa udongo wa kwanza peke yake. Baba alipofika, amekwisha kuchelewa kwa siku moja, binti alimwambia mbele ya watu wote wa kilio, "Papa, njia za bantu bote unazijua. Ya kwetu tu njo inakupoteaka." Akahamia Sakania, akafungua duka dogo karibu na mpaka. Kwa miaka mingi hawakusemezana. Simu ya marehemu nayo haikuonekana, na Symphorien alidhani wakwe wa Butembo waliondoka nayo.

Hata hivyo hakulifuta jina la mkewe ndani ya ramani. Alama ziliendelea kwenda. Donat alipomuuliza zinaenda kwa nani sasa, alijibu, "Niache, mudogo wangu. Mutu akiruka, lazima kuwe mutu anamungojea." Kisha akaingia ndani ya nyumba ile, akala mkate na sardini akiwa amesimama.

Agosti 2021, msimu wa kuchoma majani, moshi ulifunika nchi yote kaskazini ya Mitwaba. Asubuhi hiyo alisahau kulowesha kitambaa, na nyumbani hapakuwa na wa kumkumbusha. Simu ilijizima njiani kwenda Manono, chini haoni kitu. Alishika dira, akatafuta upenyo, akaona barabara ya udongo, akatua juu yake. Gurudumu la mbele lilivunjika. Mtandao haukuwapo, akalala nyasini akiamini kwamba hakuna ajuaye. Kesho yake asubuhi ndege ya kampuni ilimzunguka juu. Waliomchukua walimwambia kuna mwanamke alipiga simu kusema Commandant hajafika. Yeye akahesabu kwamba ni Masista wa Manono, waliokuwa wanangoja dawa. Safari iliyofuata akawapelekea katoni ya sabuni. Masista walishukuru sana, bila kuelewa.

Ugonjwa wa sukari ulimshika macho, na Februari 2023 daktari wa marubani akamkatalia kuruka. Ndipo upweke ulipomkalia kifuani kweli. Simu aliendelea kuitembeza mfukoni, ramani imewaka, hata akienda kununua makaa. Mwaka jana, tarehe 3 Mei, alipanda gari la abiria hadi Sakania. Alishuka parking, akanunua fanta, akaketi kwenye kreti hadi alasiri, kisha akarudi na gari lile lile. Donat alipomuuliza habari za Jemima alijibu tu, "Sikumukuta."

Mwezi huu, tarehe 12, miguu ilimvimba, akajipeleka hospitali kwa teksi bila kumwambia mtu. Muuguzi alimuuliza waite nani. Akasema hakuna. Siku ya tatu mlango ukafunguka, akaingia Jemima na vumbi la safari.

"Nani alikuambia niko huku?"

Jemima aliweka simu ya mama yake juu ya shuka. Kwenye ramani, alama ilikuwa imesimama juu ya hospitali.

"Uko nayo tangu wakati gani?"

"Tangu kilio, Papa."

Symphorien aliigusa ile alama kwa kidole. "Basi siku ile ya moshi..."

"Ni miye niliita compagnie. Alama ilisimama, haikufika Manono."

"Na sabuni yangu ikaenda kwa Masista!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. Lakini Jemima hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Papa, siku ile ya Sakania nilikuona ukifika ku parking. Nilipika bukari na samaki. Nilipanga sahani mbili. Nikasema, akikuya mpaka ku mulango, nitafungua. Nikaangalia alama, nikaangalia. Ukarudia."

"Nilisema mu roho utanifukuza," baba akajibu.

Donat, aliyeitwa na Jemima, alipofika jioni alikuta binti anamlisha baba uji. Yeye, Jemima, ndiye aliyetaka haya yote yasomwe leo, na waliomjua baba yake kama mtu asiye na mtu wayasikie.

Symphorien Mwenya alifariki alfajiri ya tarehe 17, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Jemima. Ameacha mdogo wake Donat, shemeji yake Princesse, wapwa, wakwe wa Butembo, marubani na mafundi wa Luano. Ameacha binti mmoja, ambaye kwa miaka saba alijua kila siku baba yake yuko wapi, na akaketi naye siku tatu.

Mungu ampe pumziko, Commandant wetu.