Simba wa Mafiga na Mwali wa Kilakala

Enzi za Mdachi, mwaka uliofuata reli kufika Morogoro, kijiwe chetu cha Mafiga kilikuwa taruma la chuma lililoachwa na wajenzi. Jua likilishika linakuchoma makalio, ndiyo maana tulikaa alasiri. Mimi, Abasi, niliuza kahawa hapo, na wateja wangu walikuwa viongozi wa chama cha ngoma, Simba wa Mafiga. Hatibu tulimwita Kingi, maana ndiye mwanzilishi. Mwenzake Maneno tulimwita Efendi, yaani ofisa wa askari. Bunduki hajaigusa, ila kofia anayo. Severini, mtu wa misheni, alikuwa mpiga ngoma wao hadi Ijumaa moja, walipompandisha cheo akawa Jemadari. Nawapenda watu hawa, lakini wananichosha. Siku chache baadaye ngoma yao kubwa imeegemezwa ukutani, na wao wanabishana kwa nini watu hawaji tena kuitazama.

— Ni reli hii, alisema Kingi. Mtu akishazoea honi ya gari moshi, ngoma anaiona kikohozi.

— Wapi. Ni kofia, alisema Efendi. Kofia zetu nyingi hazina shada. Nani atoke kwake kuja kutazama kofia isiyo na shada?

— Labda tungepiga, alisema Severini taratibu. Ijumaa tulisimama tu.

— Jemadari hapigi ngoma, Kingi akamkumbusha.

— Na wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, akadakia Efendi. Yetu haivumi, ndiyo maana iko salama.

Nikawauliza kwa nini wasiwafuate watu huko waliko.

— Chema chajiuza, Abasi, kibaya chajitembeza, alisema Kingi. Wewe mwenyewe umekaa hapa na birika lako.

— Nimekaa kwa sababu yenu.

— Basi sikiliza. Ukungu wa Uluguru ndio unaomeza sauti. Tuunganishe mianzi kutoka hapa mpaka Mgeta huko mlimani, sauti ipite ndani kama maji ya mfereji.

— Bora tuupe mji mzima vyeo, alisema Efendi. Mwenye cheo hakosi gwaride. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na wa kutazama abaki nani? nikauliza.

— Wewe.

Hapo akatokea mwanamke, vumbi la njia limempanda hadi magotini.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Mwaisha, natoka Kilakala. Mwanangu Pili ni mwali, yuko ndani tangu mavuno, kesho anatoka. Mzee aliyekuwa akitupigia ngoma tumemzika juzijuzi. Nimeambiwa Mafiga kuna chama. Mwali hatoki kimya, baba zangu. Akitoka kimya, watamsema mpaka azeeke.

Kingi alifurahi mpaka kahawa ikammwagikia.

— Shida yako ni yetu, mwanangu. Mimi nitatangulia na upanga. Efendi atakagua safu. Jemadari atashika bendera.

— Mungu awalipe, alisema Mwaisha, akiwatazama mmoja mmoja. Na ngoma atapiga nani?

Kingi akamtazama Efendi. Efendi akavua kofia, akaichungulia ndani. Walikuwa wamepandishana vyeo mpaka wapigaji wakaisha. Kingi akaninyooshea kikombe. Sikummiminia. Nilimwonea huruma yule mama, na hasira zilinipanda.

Severini alikuwa anaitazama ngoma, vidole vinacheza juu ya paja.

— Ya mwali naijua, alisema. Nimekulia Mgeta mimi. Lakini ndiyo hivyo, nimekuwa Jemadari.

Kingi aliweka kikombe chini. Halafu akasimama wima, akakohoa.

— Severini, kwa amri yangu, nakuvua cheo.

Severini akapiga saluti, machozi yanamlengalenga.

— Ahsante, Kingi. Ahsante sana.

— Na mimi je? aliuliza Efendi. Nitakagua safu ya nani?

— Kuna ngoma ile ndogo nyumbani kwangu, alisema Kingi. Ishike.

— Na wewe, baba, Mwaisha akamwambia Kingi kwa adabu, hii kubwa ni nzito, na njia ya kwetu inapanda.

Kingi aliutazama upanga wake, akanikabidhi. Akavua kofia. Tukamtwika ngoma.

Kesho yake alasiri taruma lilibaki tupu. Mdundo ulitufikia kutoka Kilakala bila mwanzi wowote, vigelegele juu yake, na majirani wakafunga milango wakaelekea huko. Nami nikabeba birika, nikawafuata. Severini alikuwa anapiga amefumba macho, na Pili anatoka, kainamisha kichwa, mama yake analia na kucheka. Kingi nilimkuta chini kwenye vumbi, katikati ya akina mama, anapiga makofi nje ya mdundo. Nikammiminia kikombe cha kwanza.