Ufunguo Mfukoni mwa Zadock Wekulo

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Discovery Gardens, Dubai, na wafanyakazi wenzake mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na vumbi bado viatuni, haya ndiyo maisha ya Zadock Wekulo kabla hatujamsindikiza uwanja wa ndege kurudi kuzikwa nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kapomboi, Kitale, mtoto wa nne wa Mzee Yekoniya Wekulo. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akafika kidato cha pili mwaka 1995 na kuishia hapo, na familia haitasema alihitimu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo.

Mwaka 2001 aliajiriwa kuendesha trekta kwenye shamba la mahindi, na mwezi Mei 2002 alishuka injini ikinguruma ili achomoe majani yaliyokwama kwenye visu vya mashine ya kulimia, vikamchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ukoo ulisambaza habari kwamba ni kinu cha posho, ikionekana ni ajali yenye heshima zaidi, lakini yeye kila aliyemuuliza alimjibu, "Kinu gani? Ni haraka yangu." Tangu siku hiyo hakushuka kwenye trekta kabla ya kuzima injini, kutia ufunguo mfuko wa kifuani na kuufunga kifungo, kisha kusubiri visu visimame kabisa, hata mvua ikinyesha, hata bosi akipiga kelele.

Tarehe 12 Desemba 2003 alimwoa Carolyne, pete ikavishwa mkono wa kulia kwa kuwa wa kushoto haukuwa tena na pa kuiweka, na Mungu akawajalia Trinah mwaka 2005 na Linus mwaka 2009.

Alifika Dubai mwaka 2014, akaajiriwa na kampuni ya bustani kuendesha trekta. Mwezi Oktoba 2017, kwenye shamba moja upande wa Khawaneej, ardhi ilikuwa ngumu, visu vikawa vinaruka juu bila kuzama, msimamizi akaamuru Desire, Mganda aliyekuwa na wiki tatu tu kazini, asimame juu ya mashine iwe nzito. Zadock alizima injini, akafunga kifungo cha mfuko. Desire akamnong'oneza, "Kaka, usinifukuzishe kazi, niache nipande," na msimamizi akapaza sauti, "Yalla, haraka, Zadock! Visa yako inaisha mwezi ujao, unakumbuka?" Marehemu, aliyekumbuka vizuri sana, na aliyejua watoto wawili Kitale wanasoma kwa visa hiyo, akajibu kwa adabu, "Sir, kama huko juu ni salama, panda wewe, nitaendesha polepole." Msimamizi alivitazama visu, akavitazama tena, hakupanda, na jioni hiyo mashine ilifungiwa mifuko ya mchanga. Visa mpya ilitoka siku mbili kabla ya ile ya zamani kuisha, lakini Zadock alinyang'anywa trekta, akashikishwa mpira wa kumwagilia maji miezi saba, mpaka dereva mwingine alipovunja shafti ya mashine mara mbili, ndipo akarudishiwa trekta bila neno la radhi, naye hakulidai.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akatibiwa hapa Dubai, na tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, Carolyne, aliyekuja kumuuguza, akiwa amemshika ule mkono wa vidole vitatu, akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, na wafanyakazi wenzake, hasa Desire, aliyelibeba jeneza leo mbele upande wa kushoto, akitembea kwa miguu yake yote miwili. Wapo waliotaka Zadock avishwe suti, Carolyne akakataa, akamvika shati lake la kazi, akakifunga mwenyewe kifungo cha mfuko.

Zadock, injini imezimwa, visu vimesimama, hakuna anayekuharakisha tena. Shuka taratibu, upumzike.