Ukuta wa Bi Kjelstad Hauendi Jalalani

Ijumaa tarehe 6 Juni, Bi Torunn Kjelstad anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha ufundi wa kupasha joto na kupoza nyumba katika shule yetu, hapa mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, mwanafunzi wake, niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa nina hasira.

Kabla ya kuja shuleni alikuwa fundi, akishuka kwenye vyumba vya chini ya nyumba za watu kila Januari, tanuru zao za kupasha nyumba joto zilipozimika. Alipopewa darasa tupu, alijenga mwenyewe ukuta wa mazoezi: tanuru halisi upande mmoja, kidhibiti joto katikati, mashine ya nje ya kiyoyozi upande wa pili. Nyaya zote aliziacha wazi, tuone waya mweupe ukiita moto na wa njano ukienda kuamsha ubaridi. Lakini hakuturuhusu kuziamini rangi. "Aliyefunga kabla yako huenda alikuwa amelewa," alisema. "Fuata waya mpaka mwisho wake."

Kosa letu lilikuwa lilelile miaka yote. Tanuru haiwaki mlango wake ukiwa wazi. Kuna swichi ndogo inayokata umeme. Kila muhula mtu alikagua nyaya mpaka jasho likamtoka, wenzake wakimtania, "Fundi mkuu, vipi huko?" Bi Kjelstad alipita na kikombe chake cha kahawa, wala hakusimama. "Mlango, mwanangu."

Nusu ya mji huu inapashwa joto na wanafunzi wake. Hata hivyo bodi ya shule imeamua kulifuta darasa akiondoka, na chumba kiwe cha michezo ya kompyuta. "Siku hizi mtu anaangalia video tu, anafunga mitambo yake mwenyewe," mjumbe mmoja alituambia huku akitabasamu. Bi Kjelstad alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba ukuta usivunjwe. Wakamnunulia saa. Saa! Na ukuta wakaubandika karatasi: vyuma chakavu. Ni aibu, na ninaisema hapa wazi.

Basi tukauomba sisi wanafunzi. Bwana Eino Saari, mtunza majengo, alijibu, "Chakavu ni chakavu. Bebeni kabla sijabadili mawazo." Jumamosi tuliufunga upya kwenye gereji ya bibi yangu, waya kwa waya, gesi tu hatukuigusa, tumefundishwa. Tukawasha umeme. Kimya. Tukaanza kugombana.

"Wewe na njano yako!"

"Njano yangu iko sawa, angalia kwako!"

Kisha mmoja wetu akautazama mlango wa tanuru, umelala sakafuni. Tulipourudisha, feni ya tanuru ikavuma, na ile ya nje ikaitikia.

Bi Kjelstad, asante kwa yote. Pumzika, uvue samaki, ulale asubuhi theluji ikianguka. Saa yao itundike unapotaka. Ila Alhamisi baada ya masomo pita kwa bibi, na kikombe chako. Kuna wanafunzi sita wapya wanaojifunza gerejini kwenye ukuta wako, na hatujawaambia kuhusu mlango.